Redio Haitungi Habari

Mlio wa selotepu inapovutwa juu ya boksi. Sijui sauti nyingine inayoweza kunikasirisha na kunifurahisha kwa pamoja namna ile. Krrrrr, ndefu, kama mtu mwenye hasira anachana kitambaa, halafu meno ya kikatio: tap. Juzi nilikuwa nimesimama kwenye korido ya jengo la Tianxiu, hapa Guangzhou, nangoja lifti, mtu akaivuta kwenye ofisi ya jirani, na hapo hapo nikawa na miaka kumi tena, nimekaa juu ya robota la nguo za watoto, miguu haifiki sakafuni, namchukia Anko Faraji.

Ngoja niwaeleze kisa chenyewe, maana sijawahi kukieleza chote. Mama anakijua nusu. Mjomba Hamadi anajua zaidi ya nusu kidogo. Sehemu mbaya nimekaa nayo mwenyewe, na ninyi ndio wa kwanza kuisikia.

Ofisi ya Mjomba ilikuwa chumba kimoja: meza, mizani, na mizigo hadi darini. Alikuwa wakala wa kusafirisha mizigo. Wafanyabiashara wa Dar, Zanzibar na mikoani walimletea walichonunua, yeye akakifunga, akaandika alama ya mwenyewe kwa kalamu nene nyekundu, akakipakia kwenye kontena. Mama aliwapikia wateja hao hao chakula cha mchana, kwa hiyo chumba kilinuka siku zote vitu vitatu: boksi jipya, plastiki na iliki. Mimi niliingia Guangzhou nikiwa na miaka minne. Mama akiwa jikoni, aliyenilea ni Ayi, mama wa Kichina aliyekuwa akiuza selotepu na kamba mwisho wa korido yetu. Kichina nilikipata kwake kama mtoto anavyopata mafua. Sikujua kimeingia lini.

Sasa, Mjomba alikuwa na sheria moja. Televisheni haifungwi kabla haijajaribiwa. Aliwahi kutuma mbili zikafika Dar zikiwa bubu, na mteja alimtukana kwenye simu mpaka Mjomba akaiweka simu juu ya meza ikaendelea kutukana peke yake. Tangu siku hiyo, kila televisheni iliyoletwa ilitolewa kwenye boksi, ikachomekwa kwenye umeme na kuachwa iwake kwa saa nzima. Kontena liliondoka kila Jumamosi. Jumapili hakukuwa na kazi ila kujaribu televisheni. Na Jumapili, saa tisa mchana, kulikuwa na chaneli iliyorusha tamthilia ya mambo ya anga za juu.

Ndivyo tulivyoanza. Kila wiki tuliitazama kwenye televisheni ya mtu mwingine. Wiki hii ndogo ya mteja wa Tanga, wiki ijayo kubwa ya mteja wa Morogoro, nayo plastiki bado imenata kiooni. Mjomba alipoulizwa alijibu kwa sura ya kazi kabisa: "Tunaikagua rangi."

Jina la tamthilia lilikuwa limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna kati yetu aliyeweza kuzisoma, kwa hiyo tuliiita Meli ya Juu. Ilihusu meli inayobeba watu mia tatu kutoka kwenye dunia iliyoharibika kwenda kwenye nyota ya mbali, safari ndefu kiasi kwamba watakaofika ni wajukuu. Ndani ya meli kulikuwa na msaliti. Leo anakata hewa, kesho anazima joto, na hakuna aliyejua ni nani. Wahusika nao tuliwapa majina yetu. Nahodha alikuwa Kipara. Mpishi alikuwa Bi Masufuria. Daktari kijana, mwenye sauti ya chini na macho ya huruma, alikuwa Dokta Mpole.

Mashabiki wa kudumu walikuwa wanne. Mjomba mwenyewe. Mama Neema wa Mwanza, aliyenunua nguo soko la Shahe, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, viatu mkononi kwa sababu vilimbana. Odhis, Mkenya wa vipuri vya simu, ambaye hakujali msaliti ni nani ila alitaka kujua ile injini inakunywa mafuta gani. Na Anko Faraji wa Kariakoo, mwuza kava za simu, aliyekaa Guangzhou miezi mitatu mitatu. Alikuwa mtu wa manukato mengi na sauti kubwa. Kila tukio alilieleza kabla halijatokea, na lilipotokea vinginevyo alieleza kwa nini watengenezaji wamekosea.

Wiki nzima walizungumza Meli ya Juu. Mjomba alipima mzigo huku anasema, "Kilo thelathini na mbili, na msaliti ni Bi Masufuria." Mama Neema alipiga simu kutoka katikati ya soko la Shahe, makelele nyuma yake, kusema amewaza na haiwezekani, mpishi hawezi kuwaua watu aliowapikia mwenyewe. Watu wazima hawa, nawaambia, walikuwa wakigombana kwa ajili ya watu wasiokuwepo mpaka chai inapoa.

Na wote walinitegemea mimi. Kichina chao kilikuwa cha sokoni: laobani, yaani mwenye duka, meiyo, yaani hakuna, ghali sana, punguza. Hakiwezi kukuvusha kwenye mazungumzo ya nahodha na fundi mitambo. Kwa hiyo nilisimama kando ya televisheni na kusema kila walichosema. Nilikuwa mtoto wa haya sana. Mgeni akiniuliza jina, koo lilifunga. Lakini kutafsiri hakukunitia haya, kwa sababu si mimi niliyekuwa nasema. Alikuwa Kipara, alikuwa Dokta. Anko Faraji alipenda nisimulie kwa mbwembwe, kama wale wasimuliaji wa muvi kwenye vibanda vya video vya kwao. "Tia chumvi, mtoto," aliniambia. Kumbukeni kwamba aliniambia hivyo.

Katika sehemu ya tisa, msaliti alizima joto la meli. Watu walijikunja kwa baridi, na kila aliyefungua mdomo alitoa moshi mweupe. Kipara alitoa moshi. Bi Masufuria alitoa moshi. Dokta Mpole alipita katikati yao akiwafunika mablanketi, akiwaambia maneno mazuri, na mdomoni mwake hapakutoka kitu.

Niliona. Hakuna mwingine aliyeona. Kwa siku tatu nilikaa na jambo lile kama pipi shavuni, nikiligeuzageuza. Dokta hana pumzi. Dokta ni mashine. Dokta ndiye msaliti. Nilitaka kuwaambia, lakini kuwaambia kungekuwa kusema mimi, kwa mdomo wangu, na koo likafunga.

Jumatano Mama alinituma nimsindikize Anko Faraji kwa mtu wa maboksi. Tulikuwa tunatembea barabara ya Huanshi Zhonglu, magari yananguruma, na labda ule mngurumo ndio ulionipa ujasiri. Nikamwambia. Alisimama katikati ya njia mpaka mwenye toroli nyuma yetu akafoka. Akainama, manukato yake yakanijaa puani.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Usimwambie mtu. Jumapili tutawaambia pamoja, mimi na wewe. Sawa, mpenzi?"

Mimi na wewe. Nililala na maneno hayo siku nne. Jumapili nilimwomba Mama anisuke upya.

Jumapili ilifika, na kabla hata televisheni haijachomekwa Anko Faraji alisimama, akakohoa. "Ndugu zangu," akasema, "mimi nimefanya uchunguzi wangu." Akawaeleza. Moshi wa Kipara, moshi wa Bi Masufuria, mdomo mtupu wa Dokta. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, na hilo pia sijamsamehe. Mama Neema alijishika kifua. Odhis alipiga makofi. "Manze, huyu msee ni profesa!" Na kuanzia hapo akawa Profesa.

Nilingoja aseme jina langu. Alikaa.

"Nilimwambia mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Wote wakageuka. Anko Faraji akacheka, akaweka mkono wake mzito juu ya nywele zangu mpya.

"Huyu? Huyu ni redio yetu. Redio inasema tu, mwanangu. Redio haitungi habari."

Walicheka. Mjomba alicheka. Mama, aliyekuwa anapakua wali, alicheka, na kicheko cha Mama ndicho kilichoniingia zaidi. Mama Neema sikumbuki kama alicheka. Tangu siku hiyo sikuwa tena Zuhura. "Redio, washa!" "Redio, ongeza sauti!" Wateja ambao hata hawakuitazama tamthilia waliniita Redio.

Hasira ya mtoto hamuijui ninyi mliosahau. Haina pa kwenda. Mtu mzima atagomba, atanuna, atahama. Mimi nilikula wali wangu, nikamsaidia Ayi kupanga selotepu zake, nikanawa miguu. Ila kila nilipoitwa Redio, kitu kilijibana ndani yangu raundi moja zaidi, kama boksi linalofungwa. Nikasema moyoni: redio haitungi habari? Haya. Tega sikio.

Jumapili iliyofuata Dokta Mpole alikaa peke yake chumbani mwake, akazungumza na kifaa ukutani. Alikuwa anasoma vipimo vya hewa, mtungi wa kwanza, mtungi wa pili, mambo ya kuchosha. Nikafungua mdomo.

"Anampigia simu mama yake," nikasema. "Anasema, mama nimekula. Anasema huku ni baridi, lakini usiwe na wasiwasi."

Hakuna aliyeshtuka. Mama Neema aliweka kijiko chini taratibu. "Masikini," alisema. Odhis akamgeukia Anko Faraji.

"Profesa, mashine iko na mamake?"

Jumapili tano nilifanya hivyo. Kila Dokta alipokaa mbele ya kile kifaa, mimi nilimpa mama. Mama yule nilimjenga vizuri. Alikuwa mjane, magoti yalimsumbua, alikuwa na mbuzi mmoja ambaye alibaki kwenye dunia iliyoharibika. Jumapili ya tatu nikapiga pigo lenyewe. Dokta alikuwa anamweleza Kipara jinsi ya kutengeneza bomba, na mimi nikasema anamweleza kwamba utotoni alitumbukia kwenye ziwa la barafu, akaponea chupuchupu, na tangu siku hiyo pumzi yake ni ya baridi, haitoi moshi.

Wote wakamwangukia Anko Faraji.

"Profesa wa kava!" alisema Odhis.

"Unamsingizia mtoto wa watu," alisema Mama Neema. "Mgonjwa yule! Tena anampenda mama yake!"

"Faraji," alisema Mjomba, "mimi nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kwenye simu. Sasa nitamwambia nini?"

Anko Faraji alijitetea. Alisema watengenezaji wanatuchezea akili. Alinitazama mara moja, kwa jicho la pembeni, na mimi nikamtazama kama redio inavyomtazama mtu. Jumapili ya nne alijitetea kidogo. Ya tano alikaa kimya, nasi wote tuliona jinsi ukimya ulivyokuwa haumtoshi, kama shati la kuazima.

Na bado sikuwa na raha, niwaambie kweli. Wazo lile lilikuwa langu. Ili kumchafua yeye ilibidi nilipake matope mwenyewe, kwa mkono wangu, kila wiki. Nilijua Dokta ni mashine. Na kama mwisho wa tamthilia ungeonyesha hivyo, Anko Faraji angesimama tena, akakohoa tena, na safari hii asingeshuka kamwe. Usingizini nilimwona amesimama juu ya kontena, watu wanampigia makofi.

Sehemu ya mwisho ilituangukia kwenye televisheni ya mteja wa Morogoro, kubwa kuliko zote, inachukua nusu ya ukuta. Tulikusanyika mapema. Mama alikuwepo. Walianza kumtania Anko Faraji hata kabla hajaketi.

"Faraji, kubali tu yaishe," alisema Mama Neema, akivua viatu. "Sema nilikosea. Hutakufa."

"Mashine!" alisema Odhis. "Mashine inalilia mbuzi!"

Anko Faraji alifuta jasho. Na hapo alifanya jambo ambalo sikulipanga, sikuliota, na ambalo mpaka leo nikilikumbuka najishika tumbo.

"Jamani," akasema, "kwani lile wazo lilikuwa langu? Alinipa huyu mtoto. Pale Huanshi, tunakwenda kwa mtu wa maboksi. Mimi nilimwonea huruma tu, nikalisema kwa niaba yake. Mawazo ya kitoto yale!"

Mjomba aliacha kushughulika na waya. "Kwa hiyo lilikuwa la Zuhura?"

"La Zuhura, wallahi. Mwanzo hadi mwisho. Mimi halinihusu."

"Umesikia, Zuhura?" alisema Mjomba. "Ni lako."

"Nimesikia," nikasema.

Televisheni ikawashwa. Sikumbuki dakika arobaini za kwanza. Nakumbuka kwamba nilitafsiri sawasawa, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa uongo. Na karibu na mwisho Kipara alimbana Dokta Mpole kwenye kona, Dokta akatabasamu kwa huruma ile ile, akafungua vifungo vya shati, akabonyeza chini ya shingo. Kifua kikafunguka kama mlango wa kabati. Ndani kulikuwa na nyaya na taa ndogo za kijani.

Hapakuhitajika mtafsiri. Kilichosikika ni jirani peke yake, nyuma ya ukuta, anafunga boksi. Krrrrr. Tap.

"Manze," alisema Odhis.

Kisha wakageuka, mmoja mmoja, na hawakumtazama Anko Faraji. Walinitazama mimi. Mama alinitazama, upawa mkononi, kama mtu anayemwona mtoto wake anashuka kwenye ndege.

"Si nilisema!" Anko Faraji alikuwa ameshasimama. "Si nilisema mimi tangu—"

"Ulisema ni la Zuhura," Mjomba alimkatiza. "Umeapa hapa hapa. Kaa chini."

Akakaa. Robota lilitoa pumzi chini yake, pfff. Jamani, utamu ule! Nimekula keki za harusi, nimekula halua ya Zanzibar. Sijala kitu kama ile pfff.

Halafu Mama Neema akauliza, polepole: "Na mama yake je?"

Mashine haina mama. Haina mbuzi, haina ziwa la barafu. Wote wakangoja.

"Alikuwa anadanganya," nikasema.

"Nani?"

"Dokta."

Mama Neema alinitazama. Kisha akainama kutafuta viatu vyake. "Alidanganya vizuri," akasema.

Kwa miaka niliamini nilikuwa mjanja siku ile, kwamba niliwafunga kitambaa machoni watu wazima wanne na hakuna aliyehisi. Nilirudi Dar, nikamaliza darasa la saba, na ukubwani nikarejea Guangzhou kufanya kazi ya kutafsiri, na siku moja nikiwa Shahe nilimsikia mtoto aliyepotea analia katikati ya wapakiaji wa mizigo. Alikuwa anaita kwa Kichina. Nami nikasimama palepale na mifuko yangu. Mama, kwa Kichina, ni mama. Vile vile kama kwetu, karibu hata sauti ni ile ile. Jumapili tano niliwaambia Dokta anasema mama, mama, mama, na televisheni haikulitamka neno lile hata mara moja. Yeyote angeweza kunikamata. Ilitosha kusikiliza. Lakini Odhis alikuwa anatazama injini, Mjomba alikuwa anakagua rangi, na Anko Faraji alikuwa anaongea.

Nilimpigia Mama Neema jioni ile ile nikamuuliza kama alijua. Alicheka mpaka akakohoa.

"Tangu simu ya kwanza. Ule mwaka nilikuwa nimeshatimiza miaka tisa ya kununua nguo Shahe, mwanangu. Nashinda na wale watoto wa laobani, mama mama kutwa nzima."

"Mbona hukusema?"

"Nilikusikia siku ile uliposema, ‘Nilimwambia mimi.’ Nikanyamaza, na niliona aibu. Halafu ulipoanza na yale ya simu, nikataka nione utamfikisha wapi."

Kwa hiyo sikuwa peke yangu kwenye kisasi kile. Mtu alinishikia taa muda wote, nami sikugeuka kuona.

Nawarudisha juzi, kwenye korido. Lifti haikuja, mlango wa jirani ukafunguliwa, na aliyetoka ni Anko Faraji mwenyewe, ndevu zimekuwa nyeupe, manukato ni yale yale. Alikuwa na kijana mgeni nyuma yake.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba! Zuhura!" Akamgeukia kijana. "Huyu binti, alipokuwa hivi, aligundua msaliti kwenye tamthilia moja, kitu cha ajabu. Wote walimcheka. Mimi ndiye wa kwanza kumwamini."

Nilitabasamu. Akaniomba niingie nimsaidie kidogo, laobani haelewani naye. Ndani kulikuwa na foleni ya wateja, Watanzania wengi, na laobani ameketi nyuma ya marundo ya kava, amechoka. Anko Faraji alipaza sauti kama kawaida yake juu ya vichwa vya wote. Laobani hakuinua hata macho. Alisema maneno machache.

Sisi watafsiri tuna desturi, na ni desturi nzuri. Tunapunguza makali. Laobani akisema toka hapa, sisi tunasema anaomba urudi baadaye. Bila hivyo hakuna biashara. Mimi nimefanya hivyo kwa wateja wote, mwaka mzima, na nitaendelea.

"Anasema nini?" aliuliza Anko Faraji.

Foleni yote ilikuwa inasikiliza. Koo langu lilikuwa wazi kabisa, na safari hii sikupunguza wala sikuongeza neno.

"Anasema, mwambieni mzee huyu mwenye makelele amenichosha, aende nyuma asubiri kama wenzake."

Mtu alicheka kwenye foleni, kisha wengine. Anko Faraji alinitazama, na nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa anasikiliza.

"Ndivyo alivyosema? Kweli?"

"Ndivyo, anko," nikamwambia. "Redio haitungi habari."